Kabla ya Kusaini Fedha za Jimbo, Hesabu Unachokiacha

Ujumbe ulizunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya Waswahili wa Phoenix kama moto wa kiangazi: "Serikali inatoa dola 7,000 kwa kila mtoto ukimpeleka shule ya binafsi. Wahi." Mama mmoja wa Kikongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Arizona, alinijia na simu mkononi akaniomba nimsaidie kujaza fomu. Nilikuwa mkalimani wake kwenye vikao vya shule kwa miaka miwili, aliniamini. Siku ile sote wawili tuliiangalia ile namba tu. Hatukuusoma vizuri ukurasa wa mkataba unaosema kwamba mzazi anaiondolea wilaya ya shule wajibu wa kumsomesha mtoto wake. Mwanawe, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa akikaa na mtaalamu wa matamshi mara mbili kwa wiki. Alipohamia shule ya binafsi, yule mtaalamu hakuhama naye.

Tangu hapo nimekaa mezani na wazazi wengi wanaofikiria fedha hizi, si Arizona peke yake bali pia Texas, Ohio, Iowa na Tennessee, ambako jamaa zetu ni wengi. Sipingi mtu kuzichukua, na nitaeleza hapa chini ni nani nadhani zinamfaa. Lakini kila mzazi namwambia kwanza jambo lile ambalo sikumwambia yule mama: kabla hujahesabu unachopewa, hesabu unachokiacha.

Tuanzie kwenye fedha zenyewe. Tukisikia "serikali" wengi wetu tunafikiria Washington, kama tulivyozoea kuwa fungu hutoka Dodoma, Nairobi au Kinshasa. Shule za Marekani haziendeshwi hivyo. Katika miaka ya kawaida Washington hutoa takriban senti kumi tu katika kila dola ya shule za umma. Zilizobaki hutoka jimboni na kwenye kodi za mahali hapo, hasa kodi ya majengo. Wewe unayepanga nawe umo humo, kwa kuwa mwenye nyumba ameshaiweka kodi hiyo ndani ya pango lako. Kwa hiyo usiingie ofisini kwao kama anayeomba hisani. Fedha ni zako pia, zikiwa shule ya umma au zikiwa kwenye akaunti ya mtoto.

Wazo la kuzigeuza fedha hizo zimfuate mtoto si la jana. Mwanauchumi Milton Friedman aliliandika mwaka 1955. Milwaukee ilianza kutoa vocha mwaka 1990, kwa watoto wa familia za kipato cha chini tu. Arizona ilianzisha akaunti za elimu mwaka 2011 kwa watoto wenye ulemavu. Mwaka 2018 wapiga kura wake walikataa kuzitanua kwa kila mtoto, takriban watu 65 katika kila 100, lakini mwaka 2022 bunge la jimbo likazitanua na Gavana Doug Ducey akatia saini. Iowa, Florida na Ohio zilipitisha sheria zao za kupanua mpango mwaka 2023, kisha Tennessee na Texas mwaka 2025. Kila jimbo lina sheria yake, kiasi chake na masharti yake. Shangazi yako aliyeko Des Moines anaweza kukueleza kwa moyo safi mambo yaliyo kweli Iowa na ya uongo Phoenix. Iowa, kwa mfano, shule inayopokea fedha hizo lazima iwe imeidhinishwa na watoto wafanye mitihani ya jimbo. Arizona haitaki idhini hiyo kwa shule ya binafsi, wala haimtaki mtoto wa akaunti afanye mtihani wowote wa jimbo.

Kuna mazoea tuliyokuja nayo ambayo hutuponza hapa. Tanzania tulijifunza kwamba mwenye uwezo humpeleka mwanawe "English medium"; Kenya ni "academy"; shule ya serikali ni ya asiyekuwa na jinsi. Ndugu zetu wa Kongo wana mazoea mengine: kule shule nyingi za serikali huendeshwa na makanisa, serikali ikilipa walimu, na hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019 wazazi ndio waliokuwa wakimbeba mwalimu kwa michango yao. Kwao shule ya padri na shule ya serikali si vitu viwili vilivyotengana sana. Marekani vimetengana, na ukuta ulio katikati umejengwa kwa haki. Upande wa umma una haki ambazo watu walizipigania mahakamani kwa miaka. Ukivuka kwenda upande wa pili, nyingi hubaki nyuma.

Hebu tuzitaje, maana hapa ndipo penye uzito.

Shule ya umma ya mtaa wako haiwezi kumkataa mwanao. Hata karatasi za uhamiaji haziwi sababu: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982, katika kesi iliyoanzia mji wa Tyler, Texas. Shule ya binafsi huchagua. Inaweza kusema darasa limejaa, mtoto hajui Kiingereza cha kutosha, hawana mwalimu wa mahitaji yake, au tabia zake haziwaridhishi, na inaweza kusema hivyo Machi baada ya kumpokea Agosti. Tunaita mpango huu mzazi kuchagua shule, lakini anayeamua mwisho mara nyingi ni shule.

Shule ya umma lazima imsaidie mtoto asiyejua Kiingereza. Haki hiyo ilipatikana mwaka 1974 kupitia wazazi wa Kichina wa San Francisco, ambao watoto wao walikuwa wamekalishwa darasani bila kuelewa neno. Mahakama ilisema kumpa mtoto dawati na kitabu kilekile si usawa ikiwa hajui lugha ya kitabu hicho. Kutokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, mzazi naye hudai mkalimani kwenye vikao muhimu bila kulipa. Katika shule ndogo ya binafsi nimewaona watoto wa miaka tisa wakiwatafsiria mama zao habari za kushindwa kwao wenyewe. Inaniuma kila ninapoikumbuka.

Halafu kuna haki ya watoto wenye ulemavu, au wenye tatizo la kusema, kusikia, kusoma au kutulia. Sheria ya mwaka 1975 inaidai shule ya umma impe mtoto huyo elimu inayomfaa, bure, kwa mpango ulioandikwa ambao walimu huuita IEP. Mpango huo una nguvu ya sheria: wasipoutekeleza unaweza kulalamika rasmi. Ukisaini akaunti ya jimbo, wilaya inaweza kumpima mtoto, lakini haina tena deni la kumpa huduma zote zilizo kwenye mpango ule. Fedha ndizo zinazopaswa kununua huduma hizo sasa, na wewe ndiye wa kumtafuta mtaalamu, kumsubiri na kumlipa kupitia akaunti.

Tulifanya na kosa la pili. Arizona humwongezea fedha mtoto mwenye ulemavu uliothibitishwa kwa karatasi za tathmini. Karatasi zilikuwepo, ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la yule mama, nasi hatukuziambatisha. Mtoto akaingia kama asiye na tatizo lolote. Basi kama mwanao ana mpango wa aina hiyo, usijaze hata mstari mmoja kabla hujaomba shuleni nakala kamili ya tathmini yake na ya mpango wake. Texas nako tofauti ni kubwa: mtoto wa kawaida katika shule ya binafsi hupata kama dola 10,000, na mwenye ulemavu anaweza kufika hadi dola 30,000. Karatasi ndiyo inayotenganisha. Lakini kumbuka kwamba hata dola 30,000 hazilazimishi shule kumpokea.

Sasa hesabu ya mfukoni. Chukua karatasi, tukokotoe mfano. Tuseme jimbo linakupa dola 7,400 na karo ya shule uliyoipenda ni 9,500. Usajili 300. Sare 250. Shule haina chakula cha mchana cha bure kama alichokuwa akila mtoto shule ya umma; weka dola nne kwa siku kwa siku 180 za masomo, hiyo ni 720. Jumla 10,770. Toa zile 7,400, unabakiwa na 3,370 za kulipa wewe. Bado hujafika. Basi la njano halipiti tena mlangoni. Shule iko maili tisa; unampeleka na kurudi, unamfuata na kurudi, maili 36 kwa siku, maili 6,480 kwa mwaka. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni moja, petroli ikiwa dola tatu na nusu, litakunywa kama dola 907. Umefika dola 4,277 kwa shule ambayo ujumbe wa WhatsApp ulisema inalipwa na serikali. Na sijaiweka saa ya kazi unayoipoteza saa tisa alasiri ukiwa unamfuata mtoto, wakati zamu yako ghalani inaisha saa kumi na moja.

Badilisha namba zangu, weka za kwako. Muulize mhasibu wa shule swali hili kwa maneno haya: "Mwaka jana mzazi mwenye mtoto mmoja alilipa jumla ya dola ngapi, kila kitu, hadi siku ya mwisho?" Kisha uliza karo imepanda kiasi gani katika miaka mitatu. Swali hilo lina sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliilinganisha Iowa na jirani yake Nebraska baada ya sheria ya 2023, wakakuta karo za shule za binafsi za Iowa zimepanda zaidi. Muuzaji akijua mnunuzi ameongezewa fedha, bei haikai palepale.

Jambo jingine la mfukoni. Fedha hizi si taslimu. Hukaa kwenye mfumo wa jimbo na hulipwa kwa shule au kwa vitu vya masomo vinavyoruhusiwa. Ukinunua kisichoruhusiwa unaweza kufungiwa akaunti na kudaiwa urudishe. Na jihadhari na mwenzetu anayetoza dola mia mbili kukujazia fomu: fomu ni bure. Arizona pia huwezi kuwa na akaunti hii na papo hapo ukapokea ufadhili wa mashirika ya misamaha ya kodi, ule ambao shule nyingi za dini huwapa wazazi. Wakati mwingine ufadhili ule ni bora zaidi kwako, kwa hiyo ulizia vyote viwili kabla ya kushika kimoja.

Wenye hali tofauti za uhamiaji wawe makini. Sheria ya Texas inataka mtoto awe raia au awe ameingia nchini kihalali. Mkimbizi aliyeletwa rasmi ameingia kihalali. Kwa anayesubiri majibu ya hifadhi, suala ni gumu zaidi. Mwone mwanasheria wa shirika linalokuhudumia kabla ya kuandika chochote kwenye fomu ya jimbo. Shule ya umma haina swali hilo.

Je, fedha hizi zinamfaa nani? Namfahamu baba mmoja wa Mombasa ambaye binti yake anasoma shule ya Kiislamu iliyo mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Karo inakaribia kulingana na fedha za jimbo, mtoto hana mahitaji maalumu, mama yupo nyumbani, na walimu wameonyesha matokeo yao bila kuzungusha maneno. Kwake ni neema na sikumzuia hata kidogo. Namfahamu pia mama ambaye kijana wake alionewa na wenzake kwa miezi, akalalamika kwa barua mara tatu na wakubwa wa shule wasifanye la maana. Kumwacha mtoto akivunjika moyo ili kulinda haki zilizo kwenye karatasi lingekuwa kosa. Alihama, na kijana anacheka tena. Mzazi ndiye anayemjua mwanawe.

Lakini usihame kwa sababu ya neno "binafsi" peke yake. Louisiana ilipotoa vocha, watafiti waliwalinganisha watoto waliopata nafasi kwa bahati nasibu na wale waliokosa. Waliopata walishuka katika hisabati. Kwa haki ya upande wa pili, Florida watafiti waliona shule za umma zilizopata ushindani zikipiga hatua kidogo. Yote mawili yanakuambia kwamba jina la mpango halimfundishi mtoto kusoma. Shule yenyewe ndiyo ya kwenda kuiona. Nenda siku ya kazi, asubuhi, bila sherehe ya wageni. Kaa darasani nusu saa. Uliza walimu wangapi wameondoka mwaka uliopita. Uliza kama kuna mtoto mwingine aliyekuja bila Kiingereza, na sasa yuko wapi. Mwalimu mkuu akiona swali hilo ni usumbufu, umeshapata jibu lako.

Na kuna milango ya bure ambayo wengi hawaijui. Tangu mwaka 1994 Arizona inaruhusu mtoto kuomba shule ya umma nje ya mtaa wake, hata nje ya wilaya, kama kuna nafasi. Zipo shule za mkataba, zile ambazo mtaani kila mtu huziita charter: ni za umma, hazina karo, nafasi zikizidiwa na maombi hugawiwa kwa bahati nasibu, na haki za lugha na za ulemavu hubaki na mtoto. Udhaifu wake ni usafiri, kwa kuwa nyingi hazina basi, na baadhi hufungwa ghafla fedha zikiisha. Anza kuulizia Novemba. Wazazi wetu huanza Julai, wakati nafasi zimeshagawiwa.

Nije kwenye jambo ambalo halimo kwenye fomu lakini linamgusa kila mmoja: fedha hizi zinatoka fungu gani? Fikiria daladala ya watu thelathini. Abiria watatu wakishuka, nauli hupungua, lakini dereva ni yuleyule, mafuta ni yaleyale, tairi zinalika vilevile. Shule nayo ikipoteza watoto watatu katika darasa la thelathini, mwalimu hawezi kukatwa sehemu ya kumi. Kinachokatwa ni mkutubi, muuguzi, au yule msaidizi wa Kiingereza. Desemba 2024 wilaya ya Roosevelt, kusini mwa Phoenix, ilipiga kura kufunga shule tano. Si akaunti peke yake zilizofanya hivyo; watoto wanaozaliwa wamepungua, nyumba zimekuwa ghali, shule za mkataba ni nyingi. Lakini bajeti ni moja. Na Iowa, mwaka wa kwanza wa mpango, takriban theluthi mbili ya waliopokea walikuwa tayari shule za binafsi. Jimbo lilikuwa linaanza kulipia karo ambayo wazazi hao walikuwa wakijilipia. Mimi naona fedha hizo zingeanza na watoto wa familia maskini na wenye ulemavu, na wengine wafuate zikibaki. Texas angalau imewapa hao kipaumbele maombi yakizidi fungu la dola bilioni moja lililotengwa katika bajeti ya kwanza ya miaka miwili. Kwa hiyo Texas kuwahi siku ya kwanza hakukupi nafasi zaidi. Kukosa tarehe ya mwisho ndiko kunakokutoa.

Texas pia hulipa shule za umma kwa kuhesabu watoto waliohudhuria, si walioandikishwa. Mwanao akikosa shule bila sababu, shule yake inapungukiwa. Hili ni dogo, na liko mikononi mwako kila asubuhi.

Usisahau kwamba kilichopitishwa na bunge hubadilishwa na bunge, au na wapiga kura, au na mahakama. Nebraska wapiga kura waliufuta mpango wao Novemba 2024, na siku hiyohiyo wapiga kura wa Kentucky, ambako Louisville na Lexington zimejaa Kiswahili, walikataa kuufungulia mlango. Ohio, Juni 2025, jaji aliamua kwamba mpango wa vocha unavunja katiba ya jimbo, ingawa aliuacha uendelee wakati rufaa ikisikilizwa. Kwa hiyo jiulize: fedha zikikoma katikati ya safari, nitaweza kulipa? Kama jibu ni hapana, ijue njia ya kurudi: funga akaunti kwa maandishi, kisha peleka shule ya umma cheti cha kuzaliwa, chanjo, uthibitisho wa anwani na ile bahasha ya tathmini. Wanalazimika kumpokea.

Na semeni. Bodi ya shule hukutana hadharani, na bodi nyingi hutoa dakika mbili au tatu kwa mwananchi kuzungumza. Huhitaji uraia kusema. Omba mkalimani siku kadhaa mapema. Mliopata uraia, uchaguzi wa bodi una wapiga kura wachache kuliko wa rais, na kura za msikiti mmoja na kanisa moja zinaonekana.

Yule mtoto alirudi shule ya umma Januari. Mama alitia saini ya kukubali apimwe upya. Sheria inaipa wilaya siku 60, nao walizitumia karibu zote. Mtaalamu wa matamshi alianza tena naye Machi. Nilikaa kwenye kikao cha kupanga ratiba yake, na mama, ambaye zamani alikuwa akiniachia mimi maswali, alifungua daftari akasoma la kwanza mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha taratibu: hizi wiki alizozikosa, mtamlipa lini?